Paka Mama wa Kipungani na Mlezi wa Muda

Paka mama wa mtaani ni jike aliyezaa bila kuwa na mwenyewe. Hakuna nyumba inayomhesabu kuwa wake, lakini ana watoto wanaomlazimu kukaa mahali pamoja kwa wiki kadhaa. Malezi ya muda ni kumpa mahali hapo, pamoja na chakula na usalama, mpaka watoto waache kunyonya na mama afungwe kizazi; kisha apate wa kumfuga au arudi alikotoka. Kipungani, kijiji cha wavuvi na wasusi wa mikeka upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kazi hii ina sura yake, kwa sababu huko paka asiye na mwenyewe si lazima awe paka aliyetupwa.

Paka wa kisiwa hiki wanajulikana kwa umbo. Ni wembamba, miguu mirefu, kichwa kidogo, masikio makubwa yaliyosimama. Aliyewahi kuona michoro ya makaburi ya Misri ya kale huikumbuka mara moja, na hapo ndipo ilipozaliwa hadithi kwamba hawa ni kizazi cha moja kwa moja cha paka wa mafarao. Jack Couffer, mpiga filamu na mwandishi kutoka Marekani, aliwaandikia kitabu kizima, The Cats of Lamu, mwishoni mwa miaka ya 1990. Hadithi ni tamu, ila vinasaba havikuiunga mkono sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa kufugwa duniani kote wametokana na paka mwitu wa Mashariki ya Kati. Vipimo vya paka wa pwani ya Kenya navyo viliwaweka karibu na kundi la paka wa Asia, pamoja na wale wa msitu wa Sokoke, wenye mabaka kama gome la mti, ambao Wagiriama huwaita khadzonzo. Kwa kisiwa kilichopokea majahazi ya kaskazi kwa karne nyingi, kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, jibu hilo linaingia akilini. Jahazi lenye nafaka lina panya, na jahazi lenye panya halikosi paka. Wembamba wao pia usisifiwe wote kuwa ni uzuri wa asili. Sehemu yake ni njaa na minyoo.

Dini nayo imeweka mipaka ya namna paka anavyotendewa. Katika Hadithi, paka hahesabiwi najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaozungukazunguka kati ya watu, na sahaba Abu Qatada anatajwa kuwa aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe. Abu Huraira, sahaba maarufu, alipata jina lake kwa sababu ya kipaka. Inasimuliwa pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Masimulizi haya yanajulikana na watu wazima na watoto wa chuoni, na matokeo yake yanaonekana: paka hupita barazani, hulala juu ya jamvi lililoachwa kivulini, huketi pwani wavuvi wanapotumbua samaki, na aghalabu hakuna anayemwinga. Paka wa nyumba haingwa, wasema wahenga, na Kipungani nyumba ya paka ni kijiji kizima.

Ila kutofukuzwa si sawa na kuguswa. Paka wa namna hii amezoea miguu ya watu, mikono hajaizoea. Tangu utotoni ameona miguu ikimpita kando bila madhara, lakini mkono kwake ni kitu kinachorusha jiwe, kinachomwaga maji au kinachokamata. Ndiyo maana paka anayeweza kulala hatua mbili kutoka kwa mtu kutwa nzima hugeuka chui mara tu mtu huyo anapomnyooshea kiganja. Anayetaka kumlea lazima aanze kwa kuelewa tofauti hiyo. Mnyama aliye mbele yake si paka mwitu hasa, wala si paka wa nyumbani aliyepotea, ambaye aliwahi kubebwa na anakumbuka. Yuko katikati, na njia ya kumfikia ni ndefu kiasi.

Uzazi ndio unaomtia shidani. Paka jike hupata joto mara nyingi kwa mwaka, na mwanga wa mchana una sehemu kubwa katika kuamua lini. Katika nchi za kaskazini, siku fupi za baridi humpumzisha kwa miezi kadhaa. Lamu iko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta. Mchana ni saa kumi na mbili au karibu na hapo mwaka mzima, hivyo pumziko hilo halipo. Mimba huchukua siku 63 hadi 65, watoto huwa watatu hadi watano kwa kawaida, na mama anaweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Yai la paka hutoka baada ya kupandwa, kwa hiyo shume mmoja anayezurura hapotezi safari.

Kunyonyesha humla mwili. Mama mwenye watoto wanne huhitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kile anachokula akiwa peke yake, na chakula cha paka wa Kipungani hutegemea bahari. Kaskazi ikivuma, bahari ikiwa shwari, matumbo na vichwa vya samaki vinapatikana. Wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, mawimbi huzuia mashua ndogo kutoka, na samaki hupungua kwa watu kabla ya mabaki kupungua kwa paka. Mama aliyezaa msimu huo hulazimika kuwaacha watoto kwa muda mrefu zaidi akitafuta riziki, huku kunguru na kenge wakiwa karibu.

Anayekuta vipaka chini ya mtumbwi uliopinduliwa au ndani ya rundo la makuti huwaza kuwaokoa hapo hapo. Mara nyingi ni kosa. Mama hayuko mbali; amekwenda kula. Akiondolewa watoto, huwatafuta na kulia kwa siku kadhaa, na watoto wenyewe huwa wamepoteza mengi: maziwa ya mwanzo yenye kinga, ambayo hufaa zaidi ndani ya saa 24 za kwanza, joto la mwili ambalo hawawezi kujitengenezea vizuri katika wiki za mwanzo, na ulimi wa mama unaowalamba ili waweze kukojoa na kupata choo mpaka wanapofikisha wiki tatu hivi. Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa gramu 100 au karibu, na kumlisha kwa bomba la sindano kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, ni kazi inayowashinda hata wenye ujuzi. Familia ikiwezekana kuhamishwa, ihamishwe nzima.

Kumkamata mama kwa mikono haifai. Kinachotumika ni sanduku la waya lenye mlango unaoanguka paka akikanyaga kibao cha ndani. Mvuvi ataelewa mara moja, maana wazo lake ni la dema: mnyama aingie kwa hiari yake akifuata chambo. Njia iliyo bora zaidi ni kuweka watoto wake kwenye tundu lililofunikwa kitambaa nyuma ya mtego ili sauti zao zimvute. Akishanaswa, mtego mzima hufunikwa kwa kanga au gunia. Giza humtuliza, kelele za watoto wa mtaa wanaotaka kuchungulia humtia wazimu.

Mahali pa kumweka hapahitaji kuwa chumba cha fahari. Ghala dogo, kona ya ua iliyozibwa kwa makuti na nyavu, au choo cha zamani kisichotumika hutosha, mradi pasiwe na mlango unaofunguliwa ovyo. Jambo la lazima ni maficho. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walichukua paka 19 waliokuwa wametoka kuingia kwenye makazi ya wanyama, wakawapa baadhi yao maboksi ya kujificha na wengine wakawaacha bila. Waliopewa maboksi walipungukiwa na hofu haraka zaidi katika siku za mwanzo. Kipungani boksi la karatasi si lazima. Kapu kubwa la miyaa lililolazwa ubavu, mdomo ukielekea ukutani, hufanya kazi ile ile na halipati joto. Ndani huwekwa vitambaa vikuukuu, ikiwezekana vile vile alivyozalia, kwa kuwa harufu yake mwenyewe ndiyo inayomwambia kwamba pale si ugenini.

Siku tatu za kwanza mlezi hana kazi nyingine isipokuwa kutofanya kitu. Paka hatoki kwenye kapu mchana. Akisogelewa hulaza masikio, hufoka, husimamisha manyoya, na macho yake huwa meusi kwa kupanuka mboni. Wapo wanaosema ana roho mbaya. Ukweli ni kwamba homoni za uzazi zimempa ujasiri wa kupigana badala ya kukimbia, kwa sababu akikimbia watoto watabaki. Akiona anachunguliwa mara kwa mara, hubeba vipaka mmoja mmoja kwa ukosi na kuwahamisha, na katika chumba kisicho na pa kuhamia anaweza kuwazungusha mpaka wakadhoofika. Hapa ndipo wenye huruma nyingi huharibu kazi: wanaingia kila nusu saa kuona kama anaendelea vizuri.

Chakula ndicho mwalimu mkuu. Kitolewe saa zile zile, na mtu yule yule, kwenye sahani ile ile, akitangulia kutoa sauti ile ile, kama kugonga sufuria mara mbili. Paka hajui nia njema, lakini anajua kuhesabu matukio. Sufuria ikigongwa mara kumi na kila mara ikifuatiwa na dagaa badala ya mkono, basi mara ya kumi na moja masikio yake yatatangulia mbele badala ya kulala nyuma. Sahani huwekwa kwanza mbali na mlezi, ambaye hurudi mlangoni na kuketi chini akimpa ubavu. Siku zinavyokwenda, sahani husogezwa kuelekea alipo mlezi kwa kiasi cha shubiri moja. Paka akikataa kuja, imesogezwa mno, inarudishwa. Vipimo ni vya paka, na mlezi asiyekubali hilo hupoteza wiki nzima kwa siku moja ya haraka.

Kuhusu chakula chenyewe, samaki mbichi kila siku si salama kama inavyodhaniwa. Baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa hao pekee wakiwa wabichi anaweza kupata kifafa na kuyumba. Kuchemsha hukiua kimeng'enya hicho, kwa hiyo dagaa au vichwa vya samaki vilivyochemshwa bila chumvi, vikichanganywa na wali kidogo na mara mojamoja ini au yai, ni mlo unaofaa. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi, kwa sababu paka mkubwa hana tena uwezo wa kumeng'enya sukari yake. Maji safi ndiyo yanayotengeneza maziwa ya mama. Dawa za binadamu zisikaribie kabisa. Kidonge kimoja cha panadol kinatosha kumuua paka, na dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini humletea mitetemeko na kifo. Vipaka wenye viroboto wengi waoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, wakaushwe upesi, kisha wachanuliwe kwa kitana chenye meno ya karibu. Viroboto wanaweza kunyonya damu ya kipaka mpaka akafa kwa upungufu wake.

Kipungani ina bahati ambayo vitabu vya malezi ya paka havikuitaja. Kazi ya kusuka ukili ni ya kukaa mahali pamoja kwa saa nyingi, mwili ukiwa umetulia na vidole tu vikitembea, na mazungumzo yakiwa ya sauti ya chini. Msusi anayekaa na miyaa yake hatua chache kutoka kwenye kapu humpa paka kitu asichowahi kupewa, yaani fursa ya kutazama mikono ya mtu kwa muda mrefu bila mikono hiyo kumfuata. Zaidi ya hayo, msusi hamkazii paka macho, na kukaziwa macho kwa paka ni kutishwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba paka aliyefumbiwa macho polepole na mtu hujibu kwa kufumba yake, na huwa tayari zaidi kumwendea hata mgeni aliyefanya hivyo. Mlezi anayeinua uso kutoka kwenye kazi yake, akafumba macho taratibu na kuinama tena, amesema kwa lugha ya paka kwamba hana haja naye. Kwa mnyama mwenye hofu, hakuna salamu iliyo nzuri kuliko hiyo.

Dalili za mabadiliko ni ndogo na hupitwa kirahisi. Paka anakula mlezi akiwa bado yupo. Ananyonyesha akiwa amelala ubavu, tumbo wazi, badala ya kujikunyata juu ya watoto. Anajilamba mbele ya mtu, jambo ambalo mnyama anayetarajia kushambuliwa hathubutu kulifanya. Mkia unasimama wima anaposikia sufuria. Kisha, siku isiyotangazwa, anapitisha shavu lake kwenye goti au kwenye ukingo wa mkeka unaosukwa, akiacha harufu ya tezi zake. Mguso wa kwanza uje kwake. Mlezi hushusha ngumi iliyolegea usawa wa pua, chini, ainuse. Akisukuma kichwa, akunwe shavuni na chini ya kidevu kwa sekunde mbili, kisha mkono uondoke kabla hajautaka uondoke. Mgongo, tumbo na mkia viachwe. Kukoroma kwake pia kusichukuliwe moja kwa moja kuwa ni furaha, maana paka hukoroma hata akiwa na maumivu.

Wapo paka wanaofika hatua hii kwa siku kumi, na wapo wasiofika kabisa. Jike aliyekua bila kuguswa anaweza kuishia kula mkononi na bado asikubali kubebwa maisha yake yote.

Kwa watoto hesabu ni nyingine, nao ndio wanaofaidi zaidi. Macho yao hufunguka kati ya siku ya saba na ya 14, na dirisha la kumzoea binadamu huwa wazi kuanzia wiki ya pili hadi ya saba. Katika miaka ya 1980 Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, alilinganisha vipaka walioanza kushikwa wakiwa na wiki tatu, walioanza wakiwa na wiki saba na wasioshikwa. Walioanza mapema ndio waliokaa na mtu kwa muda mrefu na kumwendea haraka. Utafiti wa Sandra McCune uliochapishwa mwaka 1995 uliongeza jambo la kushangaza: baba naye anachangia, hata kama hakuwahi kuwaona wanawe. Vipaka wa shume jasiri walikuwa wepesi kukaribia watu na vitu vigeni kuliko wa shume mwoga. Mlezi hawezi kumchagua shume, lakini anaweza kuchagua wakati. Mama aliyefikia kulala ubavu mbele ya msusi huruhusu watoto washikwe dakika chache mara kadhaa kwa siku, nao wakimwona mama hashtuki, hawashtuki. Mama ambaye bado anafoka huwafundisha kufoka. Hiyo ndiyo sababu muda uliotumiwa kumsubiri mama haupotei, ingawa kwa nje huonekana kama uzembe.

Hatari moja haitakiwi kufanyiwa mzaha. Paka akimng'ata au kumparura mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hubebwa na paka pia, na Kenya imejiwekea mpango wa kukitokomeza kwa binadamu ifikapo mwaka 2030. Meno membamba ya paka hupeleka vijidudu ndani sana, hivyo hata bila kichaa kidonda huvimba upesi. Mwanamke mjamzito amwachie mtu mwingine kazi ya kuondoa kinyesi, kwa sababu ya vimelea vya toksoplazma vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Watoto huanza kuonja chakula kigumu wakiwa na wiki nne na huacha kunyonya kabisa karibu na wiki ya nane. Maziwa ya mama yakikauka, baada ya wiki mbili hivi, ndio wakati wa kumfunga kizazi. Mji wa Lamu una kliniki ya wanyama, Lamu Animal Welfare Clinic, inayotibu paka na kuwafunga kizazi, lakini kutoka Kipungani mgonjwa husafiri kwa mashua kando ya mikoko, ndani ya tundu lililofunikwa, akiwa hajala tangu saa aliyoagiza daktari. Ni safari inayoweza kubomoa sehemu ya imani iliyojengwa. Hupungua makali kama tundu limeachwa wazi ndani ya chumba chake kwa wiki moja kabla, sahani ikiwa ndani, hata likawa samani kama samani nyingine. Wakati wa upasuaji, ncha ya sikio moja, aghalabu la kushoto, hukatwa akiwa usingizini, ili siku nyingine asikamatwe tena bure. Vipaka waliofikisha miezi mitatu huweza kuchanjwa kichaa.

Kinachofuata hutegemea paka mwenyewe. Watoto waliozoea mikono hupata nyumba kwa urahisi, kwa kuwa kila ghala lina panya. Mama aliyekubali kubebwa anaweza kubaki alipolelewa. Aliyebaki na hofu hurudishwa karibu na pale aliponaswa, baada ya mshono kupona, kwa sababu anapajua: pa kunywa, pa kujificha, mashua zinaposhukia. Mlezi haachi kugonga sufuria saa ile ile ya jioni. Paka hutokea kwa mbali, huketi, hungoja sahani iwekwe na mtu arudi kwenye mkeka wake, kisha huja kula. Sikio lake lenye ncha iliyokatwa huonekana hata gizani, likimwelekea msusi, halilali nyuma.